Mvula ya kwanza haiko ya kupanda: somo juu ya hali ya hewa na mbegu yetu

Mwezi wa kumi unaisha, joto limezidi, na kila jioni mawingu yanakusanyika. Katika kila nyumba watu wako na ulizo moja: tupande lini?

Sisi tunaowaandikia tulijibu ulizo hilo vibaya msimu mmoja, na tutawaelezea bila haya. Tulikuwa na shamba la mafunzo la hektari moja. Mwisho wa mwezi wa kumi mvula kubwa ilianguka usiku mmoja. Asubuhi kila mtu alisema: «Mvula imefika, twende!» Tukapanda kilo 25 za mbegu nzuri ya kununua. Mahindi yakaota vizuri, tukafurahi. Kisha jua likakaa zaidi ya wiki mbili bila hata tone moja. Majani yakajikunja, yakakauka. Mvula iliporudi, feza ya mbegu ilikuwa imekwisha. Tulipanda nusu ya shamba tu, tena kwa kuchelewa, na mbegu ya kuazima.

Mama mmoja mzee wa kikundi alituangalia, akasema: «Watoto wangu, mvula ya kwanza ni ya kuzima vumbi. Haiko ya kupanda.» Somo hili linaeleza kwa nini mama huyo alisema kweli, na namna kila kikundi kinaweza kupima mvula yake chenyewe.

1. Mvula yetu inatoka wapi?

Huku Katanga tuko na majira mawili: mvula, tangu mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa nne hivi, na kipwa, tangu mwezi wa tano mpaka wa kumi. Kwa mwaka mzima, Lubumbashi inapata karibu milimeta 1200 za mvula. Ni mingi. Shida yetu kubwa haiko wingi wa mvula, ni siku inazoanguka na siku inazokosa.

Jua likielekea kusini mwisho wa mwaka, linapasha udongo wa huku joto. Hewa ya moto inapanda juu. Pepo zenye maji zinakuja kutoka pande mbili: zingine zinapita juu ya pori kubwa la Kongo, zingine zinatoka bahari ya Hindi. Mahali pepo hizo zinakutana, hewa inapanda, inapoa, na mvuke unageuka matone. Mahali hapo ni kama mkanda mrefu wa mawingu, na mkanda huo unafuata jua.

Lakini mkanda hautembei moja kwa moja kama kamyo kwenye barabara. Unasonga mbele, unarudi nyuma, unasonga tena. Mvula nyingi za mwezi wa kumi hazitoki kwenye mkanda huo. Ni dhoruba za joto: zinapiga kijiji kimoja, zinaacha cha pili, na kesho yake mbingu ni safi. Ndizo zilizotudanganya sisi.

2. Mvula ya jirani na sahani yetu

Hali ya hewa haiishi kwenye mpaka. Mji wa Lubumbashi, ulioanza kwa jina la Élisabethville mwaka wa 1910, tangu mwanzo ulikula sana bunga la mahindi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo tunaita Zambia. Wachimbaji wa shaba walihitaji bukari kila siku, na mashamba ya karibu hayakutosha. Mpaka leo magunia mengi ya mahindi yanatoka kule.

Mwaka wa 2023 maji ya juu ya bahari ya Pasifiki, mbali sana na sisi, yalipata joto kuliko kawaida. Jambo hilo linaitwa El Niño, maana yake Mtoto. Wavuvi wa Peru ndio walioliita hivyo, kwa sababu maji ya moto yalikuwa yakifika pwani yao karibu na Noeli, sikukuu ya kuzaliwa kwa Mtoto Yesu. El Niño ikiwa na nguvu, mara nyingi kusini mwa Afrika mvula inapunguka, na Afrika ya Mashariki inapata mvula ya kupita kiasi.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwisho wa 2023, Kenya na Somalia zilipata mafuriko makubwa. Lakini tarehe 29 ya mwezi wa pili 2024, rais wa Zambia, Hakainde Hichilema, alitangaza kwamba ukame umekuwa msiba wa taifa. Karibu hektari milioni moja za mahindi ziliharibika, kati ya milioni 2,2 zilizopandwa. Alisema nchi yake ilikaa wiki tano bila mvula wakati ule ule wakulima walikuwa na lazima nayo sana. Maji ya Kariba yalipunguka pia, na umeme ukakosa katika miji yao.

Ukame wa kule uliingia katika meka yetu ya bunga huku. Zambia ikikosa mahindi, haiuzi, na bei inapanda sokoni Lubumbashi. Basi mkulima wa Kasomeno anayevuna vizuri mwaka kama huo analisha nyumba yake, na gunia linalobaki liko na bei. Anayepoteza mbegu yake mwezi wa kumi, ananunua bunga kama mtu wa mji. Ndiyo sababu siku ya kupanda si jambo dogo.

3. Mkebe unaopima mvula

Watu walianza zamani kupima mvula. Korea, mwaka wa 1441, wakati wa mfalme Sejong, walitengeneza chombo cha kupima mvula, na vyombo vya namna hiyo vikawekwa katika majimbo ya ufalme. Mfalme alitaka kujua mashamba yamepata maji namna gani. Sisi hatuhitaji chombo cha mfalme. Tafuteni:

– mkebe mmoja wenye pande zilizonyooka, upana sawa juu na chini, na chini pa sawa;
– mti wa kuusimamisha, wa urefu wa metre moja hivi;
– rula na kaye.

Fungeni mkebe juu ya mti, mahali pa wazi. Usiwe karibu na nyumba wala mwembe: mti wa metre tano, kaeni mbali nao metre kumi. Kila asubuhi saa moja, mtu mmoja aliyechaguliwa anaingiza rula, anasoma milimeta, anaandika, anamwanga maji. Muangalie: rula nyingi ziko na nafasi kidogo mbele ya sifuri. Ikateni, ama hesabu yenu itakosea kila siku. Siku isiyo na mvula, andikeni 0. Msiache wazi.

Milimeta moja ni litre moja ya maji kwa kila metre moja ya mraba. Kwa hektari moja, ni litre 10.000. Mvula ya milimeta 8 inaweza kupiga mabati kwa kelele na kufanya matope mbele ya mlango, lakini chini ya udongo uliokauka miezi sita haiendi mbali.

4. Tupande siku gani?

Fuateni mambo matatu haya pamoja.

Kwanza, hesabu ya mkebe. Ngojeni mpaka muwe na karibu milimeta 25 ndani ya siku kumi, tena zisitoke katika mvula moja tu.

Pili, mkono. Chimbeni shimo la sentimeta 20. Kamateni udongo wa chini, mubane. Ukishikamana kama donge, maji yamefika. Ukimwangika kama unga, ngojeni hata kama juu kunaonekana kubichi.

Tatu, kalenda. Kwa mahindi ya huku, wakati mzuri ni tangu katikati ya mwezi wa kumi na moja mpaka katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Kungoja si kulala. Anayepita wakati huo, mahindi yake yatatoa maua na kujaza punje wakati mvula inaelekea kwisha. Na mahindi yanaumia na kiu zaidi kuliko wakati wowote pale yanapotoa maua, kama walivyoona Zambia.

Hata mukifuata yote, mvula inaweza kukosa. Basi msitupe mbegu yote siku moja. Pandeni sehemu ya kwanza, mungojee siku kumi, pandeni ya pili. Kikundi kiweke pia mbegu kidogo ya akiba, na mihogo isisahauliwe, kwa sababu inavumilia jua.

Mukisikia habari za hali ya hewa kwenye radio, zinasaidia, lakini mjue namna ya kuzisikiliza. Wakisema «kuna asilimia 70 ya mvula», haiko ahadi. Maana yake: katika siku kumi za namna hii, saba zinanyesha, tatu hazinyeshi. Na wanasema juu ya eneo kubwa. Mkebe wenu unasema juu ya shamba lenu.

5. Kaye ya leo ni mali ya kesho

Wazee wetu walijua majira kwa kuangalia miti, upepo na ndege. Elimu hiyo tusiitupe. Lakini mzee akifariki anaenda na hesabu yake, na miaka haifanani. Kaye inabaki. Baada ya msimu mmoja mtajua mvula iliruka siku ngapi. Baada ya miaka mitano mtaweza kuwaonyesha watoto: «Huu mwaka tulipanda tarehe hii, tulivuna magunia haya.» Hapo hatutabishana tena kwa maneno matupu.

Sisi, shamba letu lililokauka ndilo lililotufundisha kusimamisha mkebe. Tunatamani ninyi muanze na mkebe.

Maulizo ya kuzungumza katika kikundi

1. Msimu uliopita, nani alipanda na mvula ya kwanza? Alivuna nini?
2. Nani atasoma mkebe kila asubuhi, na nani atamsaidia akigonjwa ao akisafiri?
3. Kikundi kinaweza kuweka kilo ngapi za mbegu ya akiba, na zitakaa kwa nani?

Kazi: kabla ya mkutano unaokuja, simamisheni mkebe. Mulete kaye, hata kama imeandikwa sifuri tupu.