Kabla ya Kumwandikisha Mtoto Shule Kibera au Kawangware

Shule za serikali za Kibera ziko pembezoni mwa mtaa: Olympic, Ayany, Toi, Kibera Primary. Ukiingia ndani, Gatwekera, Lindi au Laini Saba, anayefundisha ni kanisa, shirika, au jirani aliyekodi vyumba vya mabati na kuwaajiri vijana waliomaliza kidato cha nne. Kawangware hali ni hiyo hiyo: shule ya umma ya Gatina ina wanafunzi tele, na katikati ya ploti shule za mtaani zinaendelea kufunguliwa. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, ilidhaniwa shule hizi zingekufa. Madarasa ya umma yakafurika, na shule za mtaani zipo hadi leo.

Usidanganywe na neno bure, wala na neno nafuu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza karo katika shule ya umma, lakini shilingi 1,420 ambazo serikali imepanga kwa kila mtoto wa msingi kwa mwaka hazifiki mbali, na mzazi huishia kuombwa pesa za mlinzi, za mitihani, za masomo ya ziada. Shule ya mtaani nayo hupokea malipo kidogo kidogo, kwa wiki hata kwa siku, na hapo ndipo inapoishinda ile ya umma. Mama wa Kawangware anayevuka kwenda kufua nguo Lavington hana pesa za muhula mzima mwezi wa Januari. Ila zikikosekana wiki hiyo, mtoto anarudishwa nyumbani. Piga hesabu ya mwaka mzima, sare na chakula ndani yake. Tangu 2023, mpango wa Dishi na County unampa mtoto wa shule ya umma Nairobi chakula cha mchana kwa shilingi 5. Shule yako ya mtaani inatoza ngapi?

Kisha tazama jengo, tena kwa makini. Asubuhi ya tarehe 23 Septemba 2019, darasa la ghorofa la shule ya Precious Talent, Ngando, si mbali na Kawangware, liliporomoka na kuua watoto 8. Kama kuna ghorofa, panda juu uone imeshikiliwa na nini. Uliza mlango wa pili uko wapi moto ukizuka. Mkurugenzi akikasirika kwa swali hilo, umeshapata jibu.

Karatasi ni tatu tu. Ya kwanza ni cheti cha usajili kutoka Wizara ya Elimu. Shule hizi za mtaani husajiliwa kwa jina la APBET, yaani shule mbadala za elimu ya msingi, na kibali cha biashara cha kaunti si usajili wa shule. Ya pili ni namba ya TSC ya mwalimu, maana kisheria hakuna anayeruhusiwa kufundisha bila kusajiliwa na tume hiyo. Ya tatu inahusu baraza la mitihani, KNEC: mtoto atafanyia mtihani hapo hapo, au ataandikishwa kupitia shule nyingine? Hili liulize mapema, lisikukute Gredi ya 6.

Shule ya umma ikimkataa mwanao kwa sababu ya pesa, usibishane na karani mlangoni. Omba kumwona mwalimu mkuu, na asipokusikiliza nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, Kibra au Dagoretti.

Binafsi sioni ubaya kwa kanisa au jirani kufungua shule. Ubaya ni serikali kuhesabu kazi imekwisha kwa kuwa wengine wameifanya. Ukitaka madarasa zaidi katika shule ya umma iliyo karibu nawe, mwulize mbunge, maana mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, NG-CDF, ndio hujenga mengi ya hayo. Ya chekechea mpelekee MCA: Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi hiyo.