Sabuni ya Mafuta Yaliyokwisha Kukaangia



Walimu na wainjilisti kadha wa kadha wametuuliza habari za kutengeneza sabuni kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia, kwa kuwa vikundi vya akina mama katika sharika nyingi vinapenda kazi hiyo. Twafurahi kujibu, lakini yatupasa kwanza kuungama jambo. Katika usharika tuutunzao akina mama walikusanya mafuta ya alizeti kwa wauza chipsi, wakafanya sabuni, wakaiuza nje ya kanisa baada ya ibada. Juma halijaisha, watu walirudi wakituonyesha mikono iliyobabuka. Akina mama hawakukosa neno: walipima kama walivyoambiwa. Hesabu ile tuliwapa sisi. Tuliinakili kutoka kwa rafiki akaaye pwani, wala hatukumwuliza ni ya mafuta gani. Ilikuwa ya mafuta ya nazi.

Hapo ndipo penye somo lenyewe. Wengi hudhani sabuni ni mafuta yaliyotiwa dawa ya kuyagandisha. Sivyo. Mfaransa mmoja, Chevreul, katika kitabu alichokitoa mwaka 1823, alionyesha ya kuwa ndani ya mafuta zimo asidi zilizofungamana na gliserini. Soda kali, ile iitwayo kostiki madukani, huzitenga asidi hizo na gliserini na kushikamana nazo, na kile kinachozaliwa ndicho sabuni. Basi soda ikiwa kidogo, mafuta husalia. Ikizidi, soda yenyewe husalia, nayo hula ngozi. Na mafuta hayalingani. Asidi za nazi ni fupi, kwa hiyo katika kilo moja zimo nyingi zaidi. Za alizeti ni ndefu, nazo ni chache. Kilo 1 ya mafuta ya nazi hutaka kostiki gramu 183 hivi. Ya mawese gramu 141. Ya alizeti gramu 135 tu. Hesabu yetu ilisema gramu 175. Kwa nazi ilikuwa njema, maana iliacha mafuta kidogo yasigeuke. Kwa alizeti iliacha gramu 40 za soda katika kila kilo.

Kwa hiyo mtu asipokee mafuta kabla ya kumwuliza mkaangaji ni ya aina gani. Ikiwa ni ya alizeti, hesabu itufaayo ni hii: mafuta kilo 1, kostiki gramu 128, maji gramu 300. Tumepunguza kostiki makusudi, ili mafuta machache yabaki na kuilinda mikono. Yote yapimwe kwa mizani, hata maji. Kikombe hakifai, wala lita si kilo. Lita 1 ya mafuta hupata gramu 920 tu. Kostiki iliyoachwa wazi hunyonya unyevu na kupungua nguvu, basi kopo lifungwe mara.

Mafuta yachujwe kwa kitambaa kizito mpaka makombo yote yatoke. Yakinuka sana, yachemshwe pamoja na maji, yaachwe yatulie usiku kucha, kisha yaenguliwe juu na kukaushwa motoni, yasibaki na maji hata kidogo. Harufu haitaisha yote. Mafuta yaliyorudiwa mara nyingi hata yakawa meusi hutoa sabuni ya rangi ya udongo, nayo inafua.

Sasa tusikilizane vema. Kostiki hutiwa ndani ya maji, polepole, huku ikikorogwa; maji yasimwagwe juu ya kostiki kamwe, maana huruka na kumwunguza mtu uso. Maji hayo hupata moto mkali bila jiko, na mvuke wake hukereketa kifua, basi kazi ifanywe nje. Mikono ivikwe mipira na macho yafunikwe kwa miwani. Sufuria zetu nyingi ni za alumini: hizo hazifai hata moja, kwa kuwa kostiki huzila na kutoa hewa iwakayo. Itumike ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi kwa muda mrefu. Mtoto akiinywa, asitapishwe. Apelekwe hospitali upesi. Maji ya kostiki yasiwekwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja, hata kama mwenye chupa yupo karibu. Mtoto hajui kusoma kibandiko.

Maji hayo yakipoa hata kuwa vuguvugu, yamwagwe katika mafuta yenye uvuguvugu kama huo, yakorogwe kwa mwiko mpaka yawe mazito kama uji. Kwa alizeti huchukua muda mrefu, na wavivu huchoka hapa. Kisha yatiwe katika kasha lililotandikwa karatasi ya nailoni. Alizeti hugandisha polepole: ikiwa laini baada ya siku mbili, isubiriwe, kisha ikatwe vipande na kupangwa penye upepo majuma sita. Atakaye sabuni ngumu zaidi achanganye mawese, na kila sehemu aipigie hesabu yake. Ni sabuni ya nguo na vyombo. Watoto wachanga wasiogeshwe nayo.

Wazee wetu walichuja maji ya majivu, nao walipata sabuni laini, kwa kuwa majivu ya miti yana chumvi ya namna nyingine. Nabii Yeremia naye ataja magadi na sabuni pamoja. Lakini magadi peke yake hayatoshi kwa mafuta haya, ila yakichemshwa na chokaa yageuke soda kali.

Jumapili iliyofuata tulitangaza kanisani ya kuwa kosa lilikuwa letu, si la akina mama, tukarudisha fedha za kila mmoja. Vipande vilirudi karibu vyote. Tulivikwangua, tukaongeza mafuta gramu 370 kwa kila kilo ya mafuta ya kwanza, na maji kidogo, tukavipika kwa moto mdogo hata vikalainika na kuchanganyika, kisha tukavianika majuma sita. Havikupendeza kwa macho, vimejaa mabonge. Tulifulia nguo zetu wenyewe kwa mikono yetu muda wa majuma mawili, ndipo tukawaambia akina mama wauze tena.