Maji Machafu ya Mkonge na Jinsi ya Kuyatuliza

1. Asili ya taabu hii. Mkonge uliingia pwani yetu mwaka 1893, Dr. Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Baadaye mashamba yakaenea pwani na bara. Lakini kila penye korona, yaani mtambo wa kukwangua majani, pana taabu moja: katika kilo 100 za majani, singa kavu hupata kilo 4 hivi. Yaliyosalia ni makapi na utomvu, navyo hutoka pamoja na maji ya kuoshea.

2. Hatari yake. Makapi yakiingia mtoni huoza, na yaozapo hula hewa iliyomo majini, ile wavutayo samaki. Samaki hufa ingawa hakuna mtu aliyetia sumu. Chembe nyingine hutanda chini na kufunika mizizi ya mikoko ipumuayo. Mto Wami huishia karibu na Saadani, na Ruvu karibu na Bagamoyo. Basi uchafu utiwao bara humfikia mvuvi wa pwani. Tena maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam.

3. Kuchuja. Weka wavu wa waya mferejini, uzuie makapi makubwa. Usiyatupe, yarundike mbali na maji, yaoze yawe mbolea.

4. Kutuliza. Maji yaendayo mbio hubeba chembe. Yaendayo polepole huziacha. Kwa hiyo chimba mabwawa mawili, mbali na kisima, urefu wa kila moja usipungue mara 3 ya upana. Nchi yetu ya pwani ina mchanga mwingi, hivyo shindilia udongo wa mfinyanzi chini na kandoni. Tuseme bwawa lina urefu wa mita 6, upana wa mita 2 na kina cha mita 1: litashika lita 12,000. Maji yakiingia lita 3,000 kwa saa, yatakaa humo saa 4. Karibu na mlango wa kutokea simamisha ubao uzuie mapovu. Tope likifika theluthi ya kina, geuzia maji bwawa la pili, ukaushe la kwanza na kulizoa.

5. Kujaribu. Jaza chupa nyeupe maji hayo, uiache saa 1 bila kuitikisa. Tope likizama, bwawa litafaa. Maji yakibaki mazito, chembe ni ndogo mno kuzama peke yake. Hapo hutumika shabu, au unga wa mbegu kavu za mlonge, ambao hushikamanisha chembe ndogo hata ziwe nzito zikazama. Koroga upesi kwanza, kisha polepole, halafu uache yatulie. Pima kiasi chako kwanza katika chupa.

6. Onyo. Maji maangavu si lazima yawe safi. Sukari ikiisha kuyeyuka katika chai, hata ukingoja kutwa haizami. Ndivyo ulivyo utomvu wa mkonge: bwawa la kutuliza huondoa chembe zieleazo, wala haliondoi kilichoyeyuka. Kwa sababu hiyo maji yaliyotulia hayana budi kupitishwa katika mabwawa mapana yenye kina kifupi, yakae siku nyingi, ili jua, hewa na vijidudu vimalize kazi.

Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 hutaka mambo yote mawili: chembe zieleazo zisizidi miligramu 100 katika lita, na uchafu ulao hewa usizidi miligramu 30 katika lita, ukipimwa kwa siku 5. La kwanza jicho laweza kulikisia. La pili haliwezi. Basi kabla hujafungua mfereji kuelekea mtoni, peleka maji yako yapimwe, na uulize Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Aliye chini ya mto hana njia ya kuyarudisha uliyoyaachia.