Dondoo muhimu: Vipodozi si vya kuazimana
Anza na macho. Wanja na maskara usimwazime mtu, hata dada yako wa tumbo moja. Brashi ya maskara hugusa kope kisha hurudi kwenye kichupa chenye giza na unyevu, humo bakteria wakazaliana. Mwenye macho mekundu akijipaka leo, anayemfuata huenda akaamka kope zimegandana kwa tongotongo. Maskara ikishafunguliwa, itupe baada ya miezi 3 hata kama haijaisha. Ikikauka, usiilainishe kwa maji, sembuse mate.

Dukani, lipstiki ya kujaribia imeshapita kwenye midomo usiyoijua. Virusi vya malengelenge ya mdomoni huweza kuambukiza hata pasipoonekana kidonda, na kuifuta kwa tishu hakutoshi. Jaribu rangi mgongoni mwa mkono, basi.

Siku ya harusi ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana sponji moja hupita usoni kwa bibi harusi, mama yake, mashangazi na wasimamizi, asubuhi hiyohiyo. Muulize mpambaji mapema, bila kuona haya: ana vibrashi vya maskara vya kutumia mara moja na kutupa? Krimu anaichota kwa kijiti safi au anatumbukiza kidole? Penseli ya wanja anaichonga upya kwa kila mtu? Sponji nenda na yako.

Brashi zako zioshe kila wiki kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, zikauke kabisa. Jicho likiwasha au kutoa usaha, acha kujipodoa, nenda kituo cha afya, na vipodozi vilivyoligusa vitupe.