SOMO LA MWEZI: BARUA KWA WALIOHAMISHWA (Yeremia 28 na 29)



Karibu kila asubuhi simu zetu hupokea mstari wa Biblia uliopambwa kwa maua na jua linalochomoza. Huletwa na watu wema: jirani wa Mbagala, mwanakwaya wa Bunju, mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama. Unaoletwa mara nyingi sana ni Yeremia 29:11, pale Mungu awaambiapo watu wake kuwa anawatakia mema na kwamba siku za mbele zina tumaini.

Maneno hayo ni kweli. Ila yametoka katikati ya barua, na asomaye kipande cha barua hajajua bado ameandikiwa nini. Fungua basi Biblia yako, uanzie mlango wa 28.

Mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadneza alimchukua mfalme Yekonia wa Yuda pamoja na wakuu na mafundi, akawapeleka Babeli. Baadaye nabii Hanania alisimama hekaluni Yerusalemu, akatangaza kwamba kabla ya kutimia miaka 2 vyombo vya hekalu na watu watakuwa wamerudishwa. Hata Yeremia alijibu Amina, maana naye alitamani iwe hivyo. Hanania akaivunja nira aliyovaa Yeremia shingoni. Fikirini furaha ya watu siku ile! Lakini Bwana hakumtuma, na mwaka ule ule, mwezi wa saba, Hanania akafa.

Mlango wa 29 ni barua ya Yeremia kwa wale waliokuwa Babeli. Aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, tena wauombee amani mji ule wa wageni usiomjali Mungu wa Israeli. Akawaonya juu ya manabii na ndoto zao. Kisha katika mstari wa 10 akataja miaka 70. Mstari wa 11 waja baada ya hapo. Mtu wa miaka 30 aliyesikia barua ile ikisomwa hakuweza kutarajia kurudi yeye mwenyewe. Labda wajukuu wake. Tumaini lilikuwa la hakika, lakini si la wiki ile.

Naona jambo hili si dogo kwetu. Simu ile ile iletayo mstari huleta pia sauti ya Hanania: mhubiri usiyemjua, wala kanisa lake, wala askofu wake, anayeahidi kazi, mtoto au uponyaji kabla ya mwezi kwisha, mradi utume kwanza "sadaka ya mbegu" kwa namba yake. Mama anayeuguza huko Temeke huweza kuituma nauli ya kwenda hospitali. Siku zikipita bila jibu hamlaumu mhubiri. Hujilaumu mwenyewe kwa imani haba, au humlaumu Mungu, akaacha kuja kanisani. Laiti angeujua mlango mzima!

Namba hizi hazikutoka kwa manabii wala mitume. Mgawanyo wa milango hutajwa kuwa kazi ya Stephen Langton, aliyefanywa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1207. Mistari ya Agano Jipya ilitiwa namba na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Zatusaidia kupata mahali pa kusoma, basi.

Sisemi simu itupwe. Biblia nzima, tafsiri ya Muungano ya 1952, yaingia katika simu, na foleni ya asubuhi kutoka Mbagala yatosha milango miwili. Ila zima data kwanza, maana meseji hazimwachi mtu amalize hata mistari 5. Na anayetuma mstari aandike chini yake: "Someni 29:1–14."

Kazi ya mwezi huu, nyumbani au katika vikundi: someni milango hii kwa sauti, mkipokezana. Kisha jibuni. Kwa nini maneno ya Hanania yalikuwa rahisi kupokelewa? Fundi aliyehamishwa aliombaje amani ya Babeli bila kuisahau Yerusalemu? Na sisi tuliotoka Masasi, Newala au Muheza tukaja kukaa hapa, tunaiombea Dar es Salaam jambo gani?