Kuimarisha Usukani wa Gari za Njia Mbaya: Mambo ya Kuangaliwa Kabla ya Kubadilisha Vifaa

Ingawa barabara kuu za Unguja zimetiwa lami, gari nyingi za idara, za mashamba na za shughuli za pwani bado hulazimika kuiacha lami hiyo. Mwenye kutoka Mji Mkongwe kwenda Jambiani au Makunduchi huenda kwa raha mpaka anapoingia njia ya kuelekea shambani au ufukweni. Hapo hukutana na maweni ya kusini na mashariki, yaani lile jiwe gumu la matumbawe ya kale ambalo mvua ya masika huliosha tu, wala hailainishi ncha zake. Aghlabu pigo la jiwe hilo hupokewa na gurudumu la mbele, na kutoka hapo huingia katika vyuma vya usukani.

Kwa sababu hiyo wenye Land Rover na Toyota Land Cruiser huuliza ni kifaa gani cha usukani kibadilishwe kwa kilicho imara zaidi. Swali hilo lina haki yake. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Zile zenye springi za vyuma bapa zilikoma kutengenezwa mwaka 1985, na zilizofuata zenye springi za koili, zilizokuja kuitwa Defender, zilikoma kutoka kiwandani Solihull, Uingereza, mwezi wa Januari 2016. Gari za umri huo zimepita mikononi mwa madereva na mafundi wengi, na si kila mmoja alikuwa mwangalifu.

Hapana budi kwanza kuijua njia ya nguvu. Dereva anapozungusha usukani, mti wake huingia katika boksi la meno, ambalo mafundi huliita stering boksi. Boksi hilo hugeuza mzunguko kuwa msukumo, na msukumo huo huchukuliwa na fimbo iitwayo draglinki hadi kwenye mkono wa gurudumu moja. Fimbo nyengine ndefu, tairodi, huyafunga magurudumu mawili ya mbele yageuke pamoja. Kila ncha ya fimbo ina boljointi, na gurudumu lenyewe hugeuka juu ya kingipini. Katika Land Rover za springi bapa mna kiungo cha ziada, rilei, kilichozama ndani ya chasisi upande wa mbele.

Nguvu ya dereva hushuka kwa njia hiyo, na pigo la jiwe hupanda kwa njia hiyo hiyo.

Tairodi ndiyo inayobadilishwa mwanzo, kwa kuwa ndiyo inayoonekana imepinda. Mwenye gari hutia tairodi nene, akadhani kazi imekwisha. Lakini pigo lililokuwa likiipinda tairodi nyembamba halikuondoka, limehamia mbele. Sasa litaishia kwenye boljointi, au kwenye mkono wa gurudumu, au kwenye meno ya stering boksi. Tairodi iliyopinda humpa dereva habari: usukani hukaa upande, matairi hulika, naye hurudi mjini polepole. Boljointi iliyochomoka haitoi habari yoyote. Gurudumu moja huelekea kulia na jengine kushoto, na dereva hubaki ameshika usukani usiokuwa na amri. Tairodi nene ni kifaa kizuri, khususan kwa gari ipitayo maweni kila siku, madhali inafungwa pamoja na boljointi mpya za sifa inayolingana nayo, na baada ya kukaguliwa kila kiungo kilicho juu yake.

Ukaguzi huo hauhitaji chombo cha ghali. Gari isimame chini kwa uzito wake, mtu mmoja akae kwenye usukani na kuutikisa kulia na kushoto kwa mwendo mfupi, wa pili alale mbele ya gari na kuweka kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu. Kiungo kinachocheza hujulikana kwa mkono kabla ya kujulikana kwa jicho. Kazi ianzie magurudumuni na kupanda juu. Wengi huanzia kwenye stering boksi kwa kukaza skrubu yake ya juu ili usukani usicheze, na hilo ni kosa. Uchezaji uliokuwa kwenye boljointi hubaki palepale, na meno ya boksi husagika kwa kubanwa kupita kiasi.

Kadhalika fimbo ya usukani haichomelewi wala hainyooshwi kwa moto. Chuma kilichopinda kikapigwa nyundo hurudi katika umbo lake, lakini nguvu yake ya awali hairudi, na mahali pa weldi ndipo kitakapokatika. Fundi anayekataa kazi hiyo asionekane mvivu.

Rilei ya Land Rover za zamani husahauliwa mno. Hukaa katika oili, na sili yake ya chini ikichoka oili hushuka yote pasi na mtu kujua. Hapo usukani huwa mzito na hukataa kurudi wenyewe baada ya kona. Mara nyengine huo uzito wote unaosababisha mwenye gari kutafuta pampu ya pawa stering huondoka kwa rilei kutiwa oili au kubadilishwa. Ndani yake mna springi yenye nguvu kubwa iliyobanwa. Anayeifungua bila ya kuifunga kwa klipu na kuifunika kwa gunia hujihatarisha uso na macho.

Mtikisiko mkali wa usukani baada ya gari kupiga shimo ni jambo jengine linalotibiwa kinyume. Dawa inayotafutwa ni shokamzoba mpya ya usukani. Kifaa hicho hupunguza mtikisiko, na kwa kufanya hivyo huficha maradhi. Chanzo aghlabu ni kingipini zilizolegea. Kukaza kwake hupimwa, baada ya kuifungua tairodi, kwa mizani ya ndoana, ya aina ile ile itumikayo sokoni kupimia samaki: fundi huvuta mkono wa gurudumu na kusoma uzito unaohitajika kuugeuza, kisha huongeza au hupunguza shimu mpaka kifikiwe kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari.

Wanaoinua gari kwa springi ndefu na matairi makubwa wajue kwamba wanagusa usukani hata kama hawakuukusudia. Katika gari za koili, ekseli ya mbele huzuiwa isiende kando na fimbo ya mlalo iliyofungwa kwenye chasisi. Fimbo hiyo na draglinki hutakiwa zilale sambamba. Zikiachana, gari hujigeuza yenyewe kila inapopita tuta. Matairi mapana nayo hugusa springi au chasisi usukani ukikatwa wote, na fundi hulazimika kurefusha bolti za kuzuia. Matokeo yake gari huhitaji nafasi kubwa zaidi ya kugeuka. Porini halidhuru. Katika Mji Mkongwe, ambako gari ndefu hugeuka kwa kurudi nyuma mara mbili hata kabla ya mabadiliko hayo, dereva wa idara atalijua siku ya kwanza.

Baada ya kufunga tairodi, magurudumu hupimwa mwelekeo, na hapa mazoea huwakosesha hata mafundi wazoefu. Land Rover za springi bapa hutakiwa magurudumu yaelekee ndani kwa mbele, milimita 1.2 hadi 2.4. Zile za koili hutakiwa yaelekee nje, kuanzia sifuri hadi milimita 2. Anayeipima gari mpya kwa kipimo cha gari ya zamani huila mipira ya matairi.

Pawa stering ni nafuu kubwa kwa dereva, lakini humwondolea hisia ya mkononi. Gurudumu likiwa limebanwa na jiwe, pampu huendelea kusukuma ilhali dereva hajui. Anayeitia katika gari isiyozaliwa nayo aimarishe kwanza chasisi pale boksi linapofungwa, kwani hapo ndipo chuma hupasuka.

Limebaki suala la chumvi. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, gari zinazofuata mizigo ufukweni hukanyaga maji ya bahari. Mpira wa boljointi ukichanika kwa jiwe, chumvi na mchanga huingia, na kifaa kipya huharibika kama cha zamani. Gari ikitoka pwani ioshwe chini kwa maji matamu siku hiyo hiyo, mipira iangaliwe, na boljointi zenye chuchu zitiwe grisi mpaka ile chafu itoke. Baada ya safari ya kwanza ya maweni kotapini na nati zote za usukani zikaguliwe tena, na kazi iandikwe katika daftari la gari, pamoja na tarehe na kilomita, ili dereva wa zamu nyengine aikute.