Bi mkubwa asikae na kiu ndani ya ndege

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 68, ana presha na sukari. Mwezi ujao, inshallah, anakwenda Oman kwa dada yake, safari aliyoingoja miaka mingi. Atapanda ndege hapa Unguja hadi Muscat, kisha wenyeji watampeleka Ibra kwa gari. Hajapata kupanda ndege. Amekwisha kutuambia siku hiyo hanywi maji wala kidonge chake cha kukojoza, maana anaona haya kuinukainuka kwenda chooni. Ndege haitamdhuru?
Msomaji, Mwanakwerekwe

JIBU: Ikiwa presha yake imetulia, ndege siiogopi sana. Naogopa huo mpango wa kukaa na kiu. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno, unyevu wake kwa kawaida haufiki asilimia 20, na mwenye sukari akijinyima maji sukari hupanda na figo zikataabika. Mkatieni kiti cha pembeni mwa njia, karibu na choo, asiwe na mtu wa kumwomba ampishe. Anywe kidogo kidogo njia nzima. Kidonge cha kukojoza asikiache kwa kauli yake. Huenda daktari wake akamruhusu akimeze baada ya kufika. Nendeni mkamuulize mapema, na hapohapo apimwe presha.

Kisha miguu. Unguja hadi Muscat ni saa tano na ushei, na kutoka hapo Ibra ni kama saa mbili nyingine za kukaa garini. Watu huona damu kuganda miguuni ni ugonjwa wa ndege, lakini gari nalo huuleta, kwa sababu unatokana na kukaa bila kujongea. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari hiyo karibu maradufu. Kwa mtu mzima wa afya bado ni ndogo, kama mmoja kati ya 6,000, ila umri huiongeza. Dawa yake ni rahisi: visigino chini, vidole juu, kisha vidole chini, visigino juu, mara kwa mara mpaka mashavu ya miguu yachoke. Na kile choo anachokionea haya ndicho kitakachomwinua! Garini wasimame angalau mara moja, ashuke atembee. Soksi za kubana na aspirini asitumie bila kuuliza. Mwenye sukari huenda mishipa ya miguu imeshakuwa myembamba.

Asubuhi ya safari ina mtego wake. Mtu humeza kidonge cha sukari, kisha kwa furaha na foleni za uwanjani hali kitu. Baadhi ya vidonge hivyo hushusha sukari hata kama tumbo ni tupu: jasho jembamba, mikono ikitetemeka, maneno yakipotea. Awe na biskuti mkobani, na peremende za sukari. Dawa zote ziwe humo humo, katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Nchi za Ghuba ni kali kwa baadhi ya dawa za maumivu. Dawa zake zisiachwe garini, joto la huko huziharibu.

Wenyeji watamtandikia halwa, tende na kahawa. Simwambii akatae, itakuwa aibu. Aonje kijiko kimoja, kahawa iwe chungu, apime sukari kabla ya kulala. Oman wametutangulia saa moja tu, kwa hiyo saa za dawa hazitamchanganya.

Miguu yote miwili ikivimba kidogo jioni hiyo, ainyanyue juu ya mto. Kwa kawaida hunywea baada ya siku moja mbili. Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukauma na kupata moto, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Pumzi ikimkata ghafla au kifua kikimchoma, akimbizwe hospitali hata kama ni usiku wa manane. Dalili hizi zinaweza kuchelewa wiki kadhaa, basi mzikumbuke hata akisharudi Unguja.